Helmeti ivuliwe, kiwanja kibaki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, naishi Kihonda, Morogoro. Nina miaka 34, nina mke na mtoto wa kiume wa miaka sita. Kwa muda mrefu sasa, usiku nikishafunga kibanda changu, huwa natengeneza kifaa cha kunyolea nyumbani bila kinyozi. Ni helmeti. Ndani yake nimefunga mashine tatu ndogo za kunyolea juu ya reli. Ukiivaa na kubonyeza swichi, zinatambaa kutoka kisogoni hadi kwenye paji. Nimeijaribu kwenye kichwa cha sanamu ya duka la nguo. Inatembea vizuri, ila ikifika masikioni inakwama.

Akiba yangu karibu yote imeishia humo. Sasa nahitaji mota bora kutoka China na mtu wa kunitengenezea vipande kwa printa ya 3D, jumla kama milioni sita. Nimempata mkopeshaji, na anataka dhamana ya kiwanja alichoniachia marehemu baba. Mke wangu hataki hata kusikia. Nilipomwomba tumjaribu mtoto, kwa kuwa nywele zake ni fupi na kichwa ni kidogo, alinijibu nianze na changu. Kaka yake ni kinyozi hapahapa mtaani, na tangu aione helmeti hanisalimii. Anasema namtafutia njaa.

Marafiki wengine wananishauri niipeleke MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, wengine wanasema nikiionyesha nitaibiwa. Shangazi, nikope? Na huyo shemeji nimwambieje?

Fundi wa Kihonda

Marahaba, fundi.

Usikope. Hati ya kiwanja irudishe kabatini, na mkopeshaji umwambie asante, umeghairi. Kazi yenyewe usiiache, ila helmeti uivue. Ndani yake kuna kitu kizuri ambacho naona hujakitazama, na nitakifikia.

Tuanze na mtoto, maana hilo halina maneno mengi. Mkeo yuko sahihi. Anayejaribiwa mashine yenye meno lazima awe mtu anayeelewa anachokikubali, na anayeweza kusema "zima!" bila kumwogopa anayemjaribu. Mtoto wa miaka sita hamwambii baba yake hivyo. Tena kama reli inakwama kwenye masikio ya sanamu, ambayo hayasikii maumivu, basi haijafikia hata kujaribiwa kwako wewe mwenyewe.

Sasa kifaa. Wapo waliokutangulia, na si vibaya kuwajua. Miaka ya 1980 huko San Diego, California, seremala aitwaye Rick Hunt alikuwa akijiondoa vumbi la mbao kichwani kwa mashine ya kufyonza. Akaona jinsi hewa inavyozivuta nywele zikasimama wima ndani ya bomba. Akawaza kwamba akiweka meno ya kukatia humo, kwa umbali anaoutaka, kila unywele utakatwa kwa urefu uleule. Kifaa kikaitwa Flowbee. Alianza kukiuza akiwa gereji kwake, akakipeleka kwenye maonyesho watu wajionee kikifanya kazi, halafu matangazo ya usiku wa manane kwenye televisheni yakakisambaza Marekani nzima. Watu walikicheka. Filamu ya Wayne's World ya mwaka 1992 ilikitania waziwazi. Hata hivyo, hadi mwaka 2000 vilikuwa vimeshauzwa kama milioni mbili, na mwaka 2020 mwigizaji George Clooney alisema kwenye televisheni kwamba amekuwa akijikata nywele kwa kifaa hicho kwa miaka 25.

Mwaka huohuo wa 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani na korona, mhandisi mwingine wa Marekani, Shane Wighton, alijitengenezea roboti nzima ya kumkata nywele: kiti, mkono unaozunguka kichwa, kamera inayopima umbali, kifyonzi cha kuinua nywele na mkasi wa kuzikata. Aliketi chini yake kweli, na ikamkata kweli. Ilikwenda polepole, na matokeo yake hayakumnyima usingizi kinyozi yeyote.

Tazama wote wawili wanahangaika na nini. Nywele zao ni ndefu na zimenyooka, kwa hiyo kazi ngumu ni kuushika unywele, kuusimamisha, kuupima, ndipo ukatwe. Hewa inawasaidia kwa sababu unywele ulionyooka unaifuata. Wetu haufanyi hivyo. Unywele wa Mwafrika ni bapa kidogo ukiukata na kuutazama kwa karibu, na unaota ukiwa umejisokota tangu kwenye shina. Upepo ule unaomwinulia Clooney nywele ukipita kwako utazitikisa tu zibaki palepale. Kwa hiyo Flowbee usiiige, hata kama mtu atakuletea moja bure.

Lakini hapo ndipo tulipo na nafuu yetu. Wanaume wengi wa huku wananyoa fupi, na urefu wa nywele fupi ulishatatuliwa na kile kipande cha plastiki kinachochomekwa mbele ya mashine, kitana. Namba moja inaacha kama milimita 3, namba mbili 6, namba nne kama 13. Kitana kikishagusa ngozi, urefu hauwezi kukosewa, hata anayenyoa akiwa mwanafunzi wa darasa la saba anayemnyoa mwenzake bwenini. Sasa niambie, fundi: helmeti yako yenye mashine tatu na reli inafanya nini ambacho kitana cha namba moja hakifanyi? Kwa jinsi ulivyoieleza, inapita pale palipo rahisi, utosini na pembeni, na inakwama pale palipo pagumu.

Mtu haendi kwa kinyozi kwa ajili ya utosi. Anamwendea kwa ajili ya masikio, kisogo, mstari wa paji na ile fedi inayoanza na ngozi tupu chini na kuishia na nywele juu, ndani ya upana wa vidole viwili, bila ngazi kuonekana. Hapo milimita moja inaonekana na kila mtu. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Mstari wa paji ukisogezwa nyuma nusu sentimita, mwenye kichwa atatembea na kofia wiki mbili. (Mimi ni wa kusuka, hayo hayanipati, lakini nimewaona wanaume wazima wakisikitika kwa ajili ya mstari.)

Kinyozi hajinyoi, wanasema wazee, na nakuomba usemi huo uusome kifundi. Kwa nini hajinyoi? Mkono wake ukifika kisogoni umegeuka. Kioo kinampindulia kushoto na kulia. Jicho halifiki. Kidole gumba kinachoongoza mashine akimnyoa mwingine, kikiwa nyuma ya kichwa chake mwenyewe hakina cha kuegemea. Mashine inakata vizuri siku zote. Kinachokosekana ni mwongozo, na reli yako ndiyo kile kitu kizuri nilichokutajia mwanzoni. Kifaa kinachomsaidia mtu kufika kisogoni mwake na kupandisha fedi sawasawa pande zote mbili kina maana kuliko helmeti ya kichwa kizima, tena kinahitaji mashine moja badala ya tatu, na mota moja ndogo au hata isiwepo kabisa.

Ningekuwa mimi ningeshika njia hii. Mkanda laini unaozunguka kichwa kutoka sikio hadi sikio kwa nyuma, unaokazwa ili usiteleze. Juu ya mkanda, njia ya kupitisha mashine moja ya betri. Katika njia hiyo, mteremko mdogo unaoinua meno kutoka ngozini taratibu kadiri mashine inavyopanda, kutoka milimita moja hadi tatu. Huo mteremko ndio fedi yenyewe. Mtumiaji anasukuma kwa mkono, kifaa kinalinda mstari na urefu. Ikishafanya kazi kwa mkono, ndipo uweke mota ya kuisukuma, na hapo utaruhusiwa kuiita mashine inayojiendesha. Nikutahadharishe tu kwamba mikanda mitupu ya mpira ya kuonyesha mstari wa kisogo tayari inauzwa ng'ambo. Mkanda pekee hautakuwa uvumbuzi wako. Uvumbuzi utakuwa kwenye mteremko na namna mashine inavyopanda juu yake.

Hukuniambia umeme unatoka wapi, na hilo limenitia wasiwasi. Kama zile tatu ni mashine za sumaku za kuchomeka ukutani, umemwekea mtu volti 230 kuzunguka fuvu, mahali penye jasho. Ziondoe. Mashine ya sumaku ni nzuri mkononi mwa kinyozi, meno yake yanacheza mara 6,000 kwa dakika kwa kuufuata umeme wetu wa hezi 50, lakini ni nzito, inatikisika, na ikikosewa skrubu yake inapiga kelele na kung'ata. Tumia ya betri yenye mota ya kuzunguka. Weka swichi ya kuzima inayoshikwa mkononi muda wote, ukiiachia tu kila kitu kinasimama, kwa sababu watu hupiga chafya. Meno yasifungwe kwa skrubu moja kwa moja kwenye fremu, yakae juu ya springi laini ili kichwa kikisogea yarudi nyuma badala ya kuchimba. Pima joto, kwani meno yasiyotiwa mafuta huanza kuunguza kabla ya kazi kuisha. Na usisahau nywele zenyewe: vipande vidogo vilivyojisokota vinaingia kwenye giya na beringi kuliko vumbi lolote unalolijua kwenye feni na redio. Reli iliyo wazi itakufa ndani ya mwezi.

Kuhusu majaribio, huhitaji damu ya mtu kujua kifaa kinapita wapi. Toa meno, paka wino wa mhuri kwenye kitana, funika sanamu kwa karatasi laini au kitambaa cheupe, kisha pitisha. Palipobaki peupe hapajanyolewa. Palipokolea sana panakandamizwa. Halafu chukua futi ya fundi cherehani ukapime vichwa vya watu wazima wanaokubali: mzunguko, umbali wa sikio hadi sikio kwa nyuma, kina cha shingo. Utashangaa kisogo cha jirani yako kilivyo tofauti na chako. Sanamu ya dukani haina kovu, haina uvimbe, na masikio yake yamelala.

Ngozi ya kisogo nayo ina habari zake. Unywele uliojisokota ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake kali inaweza kujikunja na kuingia tena ndani. Ndicho chanzo cha vipele vya ndevu kwa wanaume wengi weusi. Kisogoni vipo vipele vya aina yake, vinavyoweza kugeuka makovu magumu yasiyotoka, na kunyoa hadi ngozini huvichochea zaidi. Kwa hiyo kifaa chako kisiende sifuri. Kiache milimita moja, na kama mteja atalalamika kwamba jirani yake ananyolewa karibu zaidi, mwache alalamike. Mwenye mapunye au kidonda kichwani asikivae mpaka apone.

Usafi, kwa upande mwingine, ndiyo hoja yako kubwa ya kuuzia. Mapunye huhama kwa mashine ya kushirikiana, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Wapo wanaume wanaokwenda saluni na mashine yao mfukoni kwa sababu hiyohiyo, na hao ndio watakaokusikiliza kwanza. Meno yatoke kwa urahisi, yaoshwe, yapigwe spiriti, na kila mwenye kifaa awe na ya kwake.

Hapo tunafika kwenye pesa, na hapa utanuna kidogo. Tuseme shemeji yako anatoza 2,000 kwa kichwa, na mteja anakwenda mara mbili kwa mwezi. Ni 48,000 kwa mwaka. Helmeti yako, kwa vipande ulivyoorodhesha, sioni ikiuzwa chini ya 300,000. Mteja atahitaji zaidi ya miaka sita kurudisha hela yake, na katika miaka hiyo atakosa skrabu ya uso, mpira kwenye televisheni na mabishano ya Simba na Yanga. Nani anunue? Kijana wa Kihonda hanunui.

Watakaonunua ni wale ambao kwenda kwa kinyozi kumewashinda. Mzee aliyepigwa na kiharusi, ambaye binti yake anamnyoa kwa kubahatisha. Mgonjwa wa muda mrefu kitandani. Mtanzania aliye kwenye mji mdogo wa Ulaya ambako saluni hazijui kushika nywele zake, na anayejua ikitokea moja kwa mbali itamtoza bei kubwa kuliko ya Morogoro. Kampuni ya Panasonic ya Japani ilipoonyesha roboti ya kuosha nywele mwaka 2010, haikuwawazia vijana wanaoweza kuinama bombani. Iliwawazia wagonjwa na wazee hospitalini. Kabla ya kununua hata skrubu moja zaidi, tembelea nyumba chache zenye mgonjwa wa namna hiyo, ukaulize ananyolewaje, na nani, na nini kinamchosha anayemnyoa. Majibu hayo yatakutengenezea kifaa kingine kabisa, na hayatakugharimu kiwanja.

Printa ya 3D usiinunue wala usimlipe mtu mamilioni. Ofisi za SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, zipo mikoani, Morogoro ikiwemo. Shirika hilo lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama wewe. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Teknolojia (DIT) na vituo vya ubunifu vinavyosimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ambako unaweza kuomba msaada wa mashine na ushauri. Mkanda wa kwanza kata kwa mpira wa tyubu, mteremko uchonge kwa mbao. Ukikosea umepoteza mbao.

Marafiki wanaokuonya kuhusu kuibiwa wana hoja, ila wanaogopa kitu tofauti na ninachokiogopa mimi. Hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, hutolewa kwa kitu kipya, na kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kukataliwa kwamba si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni wewe mwenyewe. Kwa hiyo nenda kwanza BRELA, wakala anayesajili hataza, uulize na kuwasilisha maombi, ndipo uende MAKISATU na moyo mweupe. Ukiona baadaye kina soko la Kenya, Uganda na Rwanda pia, ipo ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika lililo Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa. Na kabla ya yote, soma hataza za wenzako waliojaribu kunyoa kwa mashine. Ziko wazi kwa kila mtu. Hataza ina nguvu katika nchi ilikosajiliwa tu, hivyo nyingi utakazozikuta hazikufungi hapa, lakini usitegemee kusajili kwa jina lako wazo ambalo limeshachapishwa na mwingine. Ukifika hatua ya kuuza, TBS, Shirika la Viwango, watataka kukiona kifaa chenye umeme na betri kinachogusa kichwa, na wana haki.

Nimemwacha shemeji mwisho kwa sababu ndiye mtu unayemhitaji kuliko huyo muuza mota wa China. Sikiliza kwanza kisa hiki cha Marekani: kijana aitwaye Leo Wahl, wa mji wa Sterling, Illinois, alikuwa akiuza kwenye saluni mashine ya umeme ya kukandia mwili. Humo saluni ndimo alimoona vinyozi wanavyotaabika na mashine za zamani, akapata wazo la kuiweka mota ndani ya mashine yenyewe, kiganjani. Aliomba hataza mwaka 1919, na mwaka 1921 kampuni ikawa na jina lake. Mpaka leo vinyozi wetu wanalitaja jina hilo wakitaka mashine ya maana. Alijifunza kwa vinyozi na akawauzia vinyozi.

Wewe umejifungia kibandani ukitengeneza kifaa cha kunyolea, na kinyozi yuko mtaani kwako, ndugu wa mkeo, hajaulizwa hata swali moja. Ningekuwa yeye nami ningenuna. Nenda kwake mchana kukiwa hakuna wateja, bila helmeti. Mwombe akunyoe, umlipe, na umtazame kwenye kioo anavyogeuza kiwiko akifika nyuma ya sikio, wapi anavuta ngozi kwa kidole, wapi anabadilisha kitana na wapi analaza mashine. Halafu mwambie ukweli kwamba kifaa unachokitaka sasa ni cha watu wasiofika kwenye kiti chake. Wateja wake atabaki nao, na anaweza kupata wengine: mtu wa kumfundisha binti wa yule mzee kukitumia, mtu wa kunoa na kubadilisha meno, mtu wa kuthibitisha kwamba fedi imetoka. Kazi hizo ni za kinyozi na zinalipwa.

Akikubali, mpe sehemu, na msiishie kupeana mikono. Andikeni nani ametoa nini, nani anapata ngapi, na kifaa ni cha nani mkigombana. Karatasi ya daftari inatosha kwa kuanzia, iwe na mashahidi wawili, na shahidi wa kwanza awe mkeo.